Kibali cha Mheshimiwa

Kamati ya mipango ya manispaa ilikataa ombi lile la kujenga bondeni asubuhi, na kabla jua halijafika utosini habari zilikuwa zimeshazagaa mji mzima. Wa kwanza kumpigia simu Bi Mipango hakuwa mwekezaji wala mwandishi wa habari. Alikuwa kaka yake.

"Mdogo wangu, umetumaliza," alisema bila hata salamu.

"Si mimi, kaka. Ni kamati."

"Kamati inasoma unachoandika wewe. Usinifanye mtoto."

Akamwacha aseme. Ndivyo walivyolelewa: mkubwa akisema, mdogo anangoja zamu yake, hata kama mdogo mwenyewe ana mvi na ofisi.

Jina la Bi Mipango alipewa na watu wa sokoni. Alikuwa afisa mipango miji wa manispaa, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, na hapakuwa na ukuta, kibanda wala choo kilichojengwa mjini bila yeye kufika na mabuti yake ya mpira na tepu ya kupimia. Wengine walimwita hivyo kwa heshima, wengine kwa kuuma meno. Kaka yake naye watu walimwita Tanuri, kwa sababu alikuwa mwoka mikate, na kwa sababu hasira zake hazikuwa mbali. Aliishi na mkewe katika nyumba waliyoachiwa na wazazi, chini kabisa ya mteremko, na ua wa nyuma ulikuwa na tanuri la matofali lililojengwa na baba yao kwa mikono yake.

Nyuma ya ua huo ndiko kulikokuwa na bonde lililoleta maneno yote haya. Kwa asiyejua, lilikuwa ardhi ya bure: majani marefu, vyura, na mbuzi wasiojulikana ni wa nani. Lakini mitaa yote ya juu ilimwaga maji yake pale mvua ikinyesha. Maji yalishuka kwa hasira, yakaingia bondeni, yakatulia, kisha yakapita polepole chini ya barabara kwenda mtoni. Sasa mwekezaji mmoja alitaka kulijaza kifusi na kusimamisha jengo la maduka la ghorofa sita. Bi Mipango aliandika kwa lugha nyepesi kabisa: bonde likijazwa, maji hayatapotea, yatatafuta njia nyingine, na njia nyingine ni vyumba vya watu.

Siku ya kwanza kabisa aliwaambia wajumbe kwamba moja ya nyumba zile ni ya kaka yake, na walipopiga kura alitoka nje, akasimama kwenye korido akisikiliza feni ya ukumbini ikikwaruza. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mkunga mstaafu aliyezalisha nusu ya watu wa mji ule. Ndiye aliyekuja kumfungulia mlango.

"Ingia, mwanangu," alisema. "Wote wamekataa. Hata yule anayesinziaga."

Jioni Bi Mipango alipitia nyumbani kwa kaka yake kumaliza ugomvi. Alimkuta ukumbini amejipinda juu ya meza, anakanda unga, mikono imezama hadi viwikoni. Hakuinua macho.

"Unajua mafundi wa ujenzi wanakula mikate kiasi gani?" alianza. "Na jengo likiisha, wenye maduka, wateja, walinzi. Wote wanapita mlangoni kwangu. Bahati inakuja yenyewe kwa miguu yake, na mdogo wangu wa tumbo moja anaifungia geti!"

"Maji, kaka."

"Maji yalikuwepo tangu tuko wadogo. Tulikufa?"

"Hatukufa kwa sababu bonde lilikuwepo."

Tanuri aliupiga unga mezani, vumbi jeupe likaruka. "Wewe mshahara wako unaingia hata ukiugua. Mimi nisipouza, sili. Usinifundishe maji."

Bi Mipango akaaga. Mke wa kaka yake alimsindikiza hadi getini, akatazama nyuma kwanza, kisha akamshika mkono.

"Wifi, usilegeze kamba," alinong'ona. "Kitanda chetu kiko upande wa ukuta wa nyuma. Mvua ikinyesha nayasikia yale maji yanavyopumua. Kaka yako yeye akilala amelala, hana habari. Mimi ndiye ninayekaa macho."

Sheria ilimruhusu mwekezaji kukata rufaa kwa waziri, na hilo halikumshangaza mtu. Kilichoshangaza ni kasi. Rufaa za wanyonge zilikaa wizarani mpaka zikaota ukungu. Hii, muhtasari wa kikao ulikuwa haujapigwa hata chapa, waziri mwenyewe akawa ameshatua, na msafara wa magari, na mahema, na viti vya kukodi vilivyopangwa katikati ya bonde, na spika kubwa zilizowatimua vyura wote.

Waziri alikuwa mtu mchangamfu, mwenye sauti ya kubembeleza na kicheko cha karibu. Alijua kuwateka watu.

"Nimeambiwa hapa pana vyura wenye hati miliki," alianza, na umati ukaangua kicheko. "Nimekuja kuonana nao. Wako wapi? Au wametoka kwenda kikao cha kamati?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Bi Mipango alingoja kicheko kipoe, akanyoosha mkono, akapewa maikrofoni. Alieleza kuhusu maji, yanatoka wapi na yanakwenda wapi, akiwaonyesha kwa kidole mteremko waliokuwa wanautazama kila siku ya maisha yao. Akaona baadhi ya nyuso zinaanza kutafakari. Waziri naye aliziona.

"Dada yangu, nakuheshimu sana," alimkatiza kwa upole. "Lakini niambie jambo moja, hapa mbele ya wananchi. Ile nyumba pale, yenye moshi, ni ya nani?"

"Ni ya kaka yangu. Na kamati niliiambia tangu siku ya..."

"Ya kaka yake!" Waziri aligeukia umati, mikono ameitanua. "Mmesikia wenyewe? Vijana wenu wanakosa ajira, mama zenu wanakosa pa kufanyia biashara, kwa sababu mtu analinda ua wa kwao!"

Manung'uniko yakapita kwenye mahema. Hapo ndipo Tanuri aliposimama. Alikuwa ameketi safu ya mbele, amevaa shati lililopigwa pasi, na Bi Mipango alimwona anainuka. Aliwaza: amechokozwa, damu yake imemchemka, sasa atasema. Tangu utotoni hakuna aliyemtukana mdogo wake mbele yake akaenda salama.

"Mheshimiwa," alisema Tanuri, "huyo kaka ndiye mimi. Na mimi jengo nalitaka."

Umati ulilipuka. Vigelegele, miluzi, viti vikaanguka. Waziri alishuka jukwaani, akamkumbatia Tanuri kama mtu aliyeonana na ndugu aliyepotea. "Mnaona?" alipaza sauti. "Hata wa damu yake amemkataa!" Na palepale, kwa maikrofoni, akautengua uamuzi wa kamati na kuiagiza manispaa itoe kibali. Bi Mipango alibaki amesimama na ramani ya bonde aliyokuja nayo mkononi, hajui aikunje au aitupe. Alipotafuta uso wa kaka yake kwenye umati, ulikuwa umezungukwa na watu wanaompongeza.

Waziri hutengua, lakini hatii saini kibali. Kibali hutiwa saini na afisa mipango. Kesho yake mkurugenzi wa manispaa alimwita Bi Mipango ofisini, akamsogezea kalamu hata kabla ya kumsogezea kiti.

"Siwezi kuweka jina langu pale," alisema Bi Mipango.

"Unaweza. Ukikataa, namkaimisha mwingine atie saini kabla chai yangu haijapoa. Na huyo mwingine hataandika sharti hata moja."

Neno hilo la sharti ndilo lililomnasa. Alijiambia kwamba akibaki ndani atakuwa na la kushika. Akaandika masharti kwa kalamu nzito: kabla ya tofali la kwanza, ujengwe mtaro mpana kuzunguka eneo lote, na chini ya jengo lichimbwe tangi la kupokea maji ya mvua. Kisha akatia saini. Mkunga mstaafu alipopata habari alimfuata ofisini, akakaa kitini.

"Ungekataa, mwanangu," alisema.

"Wangemweka mwingine, mama."

"Wangemweka. Lakini lingekuwa jina lake."

Malori ya kifusi yalianza kuingia, bonde likajaa, likawa sawasawa na barabara, kisha likapita barabara. Nguzo zikaota. Mtaro haukuonekana, tangi halikuonekana. Badala yake ukapanda ukuta mrefu wa matofali mgongoni kwa ua wa Tanuri, mrefu kiasi kwamba mkewe akaanza kuanika nguo uani kwa kufuata kijisehemu cha jua kilichobaki. Bi Mipango alikwenda na mabuti yake na kopo la rangi nyekundu, akachora alama ya X ukutani, akaandika: SIMAMISHA UJENZI.

Msimamizi wa kazi hakubishana. Alipiga simu, akazungumza kidogo, kisha akamnyooshea simu ile kwa adabu zote. "Mheshimiwa anataka kukusalimia."

"Dada yangu," sauti ya waziri ilikuwa ya kirafiki kabisa, "hivi wewe hupumziki? Mtaro utajengwa mwishoni. Futa hiyo rangi, unawatia watu hofu."

"Sharti linasema kabla, Mheshimiwa, si mwishoni."

"Sharti nimeliondoa."

"Nitaomba nilipate kwa maandishi."

Akasikia kile kicheko cha karibu. "Haya. Nitaongea na mkurugenzi wako."

Mchana wa siku ileile kibarua alipaka chokaa juu ya ile rangi. Maandishi hayakuja wiki ile, hayakuja kamwe. Bi Mipango alimweleza kaka yake jambo hilo lote neno kwa neno, amesimama pale uani, na ukuta mpya umewafunika wote wawili kwa kivuli chake. Tanuri alimsikiliza. Lakini mlangoni kwake vibarua walikuwa wamepanga foleni, wanaita, wanagongesha sarafu dirishani, na uso wake ulikuwa unang'aa kwa jasho na furaha.

"Unaona foleni hiyo?" alisema. "Hiyo ndiyo niliyokuwa nakuambia. Achana na simu za wakubwa, mdogo wangu. Chukua mkate, nenda nyumbani."

Mvua kubwa ya kwanza ilikuja mchana kweupe, watu wakiwa kazini. Ilianza kwa upepo, halafu mbingu zikafunguka kama mtu amekata kamba. Bi Mipango aliitazama dirishani kwa kitambo kidogo tu, akavaa mabuti, akatoka mbio.

Maji yalishuka kutoka mitaa ya juu kama yalivyoshuka siku zote, yakalikuta bonde halipo. Yakazunguka kifusi, yakafuata ukuta ule mrefu, yakajaa nyuma yake, yakapanda. Ukuta ulistahimili kwa muda. Alipofika kwenye kona ya mtaa akausikia ukianguka. Haukutoa mshindo, ulitoa sauti nzito ya kuguna, kama mtu mnene aliyekaa chini ghafla. Kisha akasikia kaka yake anapiga kelele, na hakuwahi kuisikia sauti ile maishani mwake.

Wifi yake, mke wa Tanuri, alikuwa ametoka kwenda uani kuwahi kufunika kuni. Ukuta ulimkuta hapo. Maji ya kahawia yalikuwa yamemfika kifuani na mguu wake ulikuwa chini ya kipande cha ukuta kilichoshikana na zege la msingi. Tanuri alikuwa anamvuta kwa makwapa, analia.

"Usivute!" Bi Mipango alimpigia kelele. "Inua! Inua jiwe, nitamvuta mimi!"

Kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe, mkubwa alifanya alichoambiwa na mdogo. Waliinua, wakavuta, wakateleza, wakainua tena, majirani wakaja, hatimaye wakamtoa. Nyuma yao tanuri la baba yao lililainika kama sabuni na kwenda na maji. Ukuta wa nyuma wa nyumba ukaporomoka, magunia ya unga yakapasuka, na ua mzima ukawa uji. Hakuna aliyetazama.

Daktari alijitahidi, lakini mguu ule haukuwa wa kuokolewa. Aliukata chini ya goti.

Waziri alifika maji yalipokauka. Safari hii alivaa mabuti, mapya, moja bado lina alama ya gundi pale palipobandikwa bei. Mahema yaleyale, spika zilezile. Alitembea kwenye matope akipigwa picha, akawashika watu mikono, akatoa leso akafuta macho. Kisha akapanda jukwaani na uso mwingine kabisa.

"Nauliza swali moja," alisema. "Nani alitia saini kibali cha jengo hili?"

Msaidizi akampa karatasi. Akaiinua juu watu waione, akaisoma kwa sauti, cheo chote na jina lote, mpaka lile la baba yao. "Mtaalamu! Mtu aliyesomeshwa kwa kodi zenu! Kuanzia dakika hii, nimemsimamisha kazi, na tume itamchunguza. Sitamvumilia afisa yeyote anayecheza na maisha ya wananchi!"

Watu wakapiga makofi. Bi Mipango alikuwa nyuma ya umati, matope magotini, kwa sababu tangu alfajiri alikuwa anasaidia kuzoa vitu vya kaka yake. Aliwatazama wale wanaopiga makofi. Wengi aliwajua. Wengi walikuwa hapa hapa siku ya vyura.

"Kumbe Bi Mipango kamwaga unga!" mtu mmoja alisema karibu naye, na mwenzake akacheka, halafu wote wawili wakatazama chini, pale unga wa kweli ulipokuwa umekauka kwenye matope chini ya viatu vyao.

Waziri akaendelea. Mwathirika mkubwa, alisema, hataachwa. Kwa huruma ya mwekezaji atapewa duka katika jengo jipya, ghorofa ya chini, karibu na mlango. "Yuko wapi rafiki yangu mwoka mikate? Njoo, mzee. Njoo useme na wenzako."

Tanuri alipanda jukwaani taratibu. Katika watu wote waliokuwa pale, mbali na waziri, mkurugenzi, watu wa mwekezaji na Bi Mipango mwenyewe, ni yeye tu aliyejua habari ya rangi nyekundu na ile simu. Alishika maikrofoni kwa mikono miwili. Akamtafuta mdogo wake kwenye umati, akamwona, wakatazamana. Bi Mipango hakutikisa kichwa, hakuomba kitu. Alingoja tu, kama alivyofunzwa kungoja.

Tanuri akaangusha macho.

"Tunamshukuru Mheshimiwa kwa kutujali," alisema. "Mimi sina la zaidi."

Bi Mipango alikwenda moja kwa moja hospitali. Wifi alikuwa ameegemezwa kwenye mito miwili, shuka limelala bapa pale ambapo mguu ulitakiwa kuwa. Wodi ilinuka dawa ya kusafishia sakafu. Habari zilikuwa zimemtangulia. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa na redio.

"Nimesikia alipewa maikrofoni," alisema wifi. "Halafu wakakata, wakaweka muziki. Alisema nini kaka yako?"

"Alishukuru."

"Alikutaja?"

"Hakunitaja."

Wifi alinyoosha shuka kwa kiganja, polepole, kama anayepiga pasi. "Mimi je? Alinitaja?"

Bi Mipango alitamani kusema uongo. Ulikuwa uongo mdogo, wa neno moja, na hakuna ambaye ungemdhuru. "Hapana, wifi," alisema.

Tume ilikaa, ikaona kwamba afisa mipango alizembea. Mkunga mstaafu alikwenda kutoa ushahidi, akasema yote bila kumung'unya, lakini karani wa tume alikuwa ameweka kalamu chini tangu alipoanza. Alipotoka aliandika barua ya kujiuzulu uenyekiti wa kamati, na nafasi yake akapewa mmoja wa waliompigia waziri makofi. Bi Mipango alifukuzwa kazi. Alianza kuchora ramani za nyumba za watu sebuleni kwake, kazi ya kubangaiza, kwa wale wachache wasioogopa kuonekana mlangoni kwake. Waziri alipandishwa akapewa wizara kubwa zaidi. Ukuta ulijengwa upya, wa zege safari hii, na maji ya mvua iliyofuata yakahamia kwenye nyumba za upande wa pili wa barabara. Jengo lilifunguliwa kwa utepe na ngoma, na Tanuri akapata duka lake kweli, karibu na mlango kama alivyoahidiwa. Lakini ndani ya jengo moto hauruhusiwi. Akawa anauza mikate ya kiwandani, iliyokatwa tayari na kufungwa kwenye nailoni.

Siku wifi aliporuhusiwa kutoka hospitali, hakwenda kwenye chumba cha kupanga alichohamia Tanuri. Teksi ilisimama mbele ya nyumba ya Bi Mipango, dereva akashusha begi, kisha mikongojo, kisha yeye. "Wifi, nina mguu mmoja, sitakula sana," alisema. Wakacheka, kicheko kibaya, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Tanuri alikuja Jumapili moja mchana, duka likiwa limefungwa. Alisimama mlangoni na kofia mkononi. Alikuwa amepungua, na mikono yake iliyokuwa na unga miaka yote sasa ilikuwa safi kama ya mtu wa benki.

"Mdogo wangu," alisema, "nilikuwa nifanye nini siku ile? Nyumba imeanguka. Mke wangu yuko hospitali. Ningesema neno moja tu, angeninyima duka."

"Najua, kaka."

"Hata ningesema, wewe wangekurudisha kazini?"

"Wasingenirudisha."

"Sasa mbona hunikaribishi ndani?"

Bi Mipango alikuwa ameshika kitasa. "Hapa wewe hujanifuata mimi," alisema. "Muulize mwenyewe uliyemfuata."

Tanuri akaliita jina la mkewe, kwa sauti ndogo, halafu kwa sauti kubwa kidogo. Ndani kiti kilisogezwa. Mikongojo ikagonga sakafuni, ko, ko, ikaja hadi karibu na mlango wa ukumbi, ikasimama. Tanuri alijiweka sawa, akaikunja kofia mara mbili. Wote wawili, kaka na dada, walisimama wakisikiliza.

Kisha mikongojo ikageuka, ikarudi polepole ilikotoka, mpaka jikoni, na wakasikia bomba la maji likifunguliwa.